Kiganja Kimoja cha Udongo

Swali la kwanza la mama halikuhusu nauli wala barabara. Aliuliza kama kule hifadhini kuna udongo, au ni mchanga mtupu.

"Pwani si mchanga, mama?"

"Babu yako alizikwa ardhini, hakuzikwa ufukweni. Uliza vizuri."

Ulikuwa mwezi wa pili. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, katika chumba ninachopanga Majengo, Dodoma mjini, tope la shambani bado limemganda kwenye visigino, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulizungumza kama watu wanaogombana. Baadaye tuligombana kweli, lakini siku ile ilikuwa ni mvua tu.

Babu mzaa mama sikumwona. Mama mwenyewe anamkumbuka kidogo: koti, na mkono uliomwinua kumpandisha juu ya mgongo wa punda. Aliondoka kijijini, upande wa Mvumi, akaenda pwani kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Homa ikamuua huko. Hakukuwa na gari la kumrudisha, wenzake wakamzika karibu na mabwawa ya chumvi na kuzungushia kaburi mawe. Bibi alikwenda mara moja, akayagusa yale mawe, akarudi. Miaka ikapita, mashamba ya chumvi yakafa, na eneo lile likaingizwa kwenye hifadhi ya taifa, ile ambayo wanyama wake wa porini wanashuka mpaka baharini. Kwenye matangazo wanaonyesha tembo akitembea kando ya mawimbi. Sijawahi kuona tangazo lenye kaburi la Mgogo.

Mwaka jana bibi naye alifariki. Siku za mwisho alikuwa akimwambia mama jambo moja: "Msinilaze peke yangu." Mama alielewa. Kwetu, mtu akizikwa mbali, ndugu wanaweza kwenda kuchukua udongo wa kaburi lake na kuuleta nyumbani, akahesabiwa kuwa amerudi. Kwa hiyo siku ya kumzika bibi mama aliwasimamia wachimbaji mpaka wakaacha nafasi upande wa kulia. Ile nafasi ipo hadi leo. Mbuzi wa jirani wanapenda kulala hapo.

Kilichotuharakisha ni saruji. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amekubaliana na mchungaji kwamba ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la bibi ifanyike mwezi wa saba, watu wakiwa wameshavuna. Siku chache kabla ya ibada fundi angemwaga saruji kulizungushia kaburi lote, pamoja na ile nafasi. Udongo wa babu ulitakiwa kufika kabla ya fundi. Ukichelewa, basi bibi amelala peke yake.

Mimi sikuamini hata chembe ya jambo hili, na nilisema hivyo.

"Mama, wewe unaamini babu yumo kwenye huo udongo?"

"Siamini."

"Sasa?"

"Na wewe uliamini elimu imo kwenye ile karatasi? Mbona umeitia fremu?"

Cheti changu cha chuo kikuu kilikuwa ukutani, juu ya ndoo ya maji. Ninapokosa jibu huwa nakubali kazi. Nikamwambia nitaipanga hiyo safari.

Nilidhani nitaipanga mimi. Nilisahau kwamba nina mjomba.

Mjomba alistaafu ukarani na tangu hapo hawezi kufanya jambo bila kamati. Alituita sebuleni kwake, akafungua kwa sala, akajitangaza mwenyekiti, akaniteua katibu, na mama, ambaye ndiye aliyeanzisha jambo lote, akawa mjumbe. Mjumbe pekee. Kisha akafungua kundi la WhatsApp na kuliita Safari ya Mzee, akaweka picha ya machweo baharini aliyoitoa mtandaoni. Ndugu waliingizwa kutoka kila kona, hadi Mlali. Katika wiki ya kwanza tulipokea sala za asubuhi, tangazo la mbegu za alizeti, na video ya simba akila nyati, ambayo mjomba aliisindikiza kwa maneno: "Tujiandae kisaikolojia."

"Kibali nitakishughulikia mimi," aliniambia. "Nina mtu wizarani."

Mtu anayeishi Dodoma anajua maneno hayo. Tangu serikali ihamie kwetu, kila familia ina mtu wizarani. Huyu mtu hana sura, simu yake haipatikani, yuko kikaoni, amesafiri kikazi, lakini yupo. Kuna watu wamesubiri nguzo ya umeme kwa imani ya mtu huyo. Nilimuuliza mjomba wizara ipi.

"We mwanasheria, tulia," alisema. Sikusoma sheria. Ananiita hivyo kwa sababu nauliza sana.

"Nauliza tu, mjomba. Wizara ziko nyingi."

"Ndiyo shida yenu wasomi. Mnataka kuona kuku akitaga."

Tarehe ndiyo ilikuwa rahisi. Wote tulikubaliana bila mabishano, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Mama alisema tuondoke baada ya Pasaka. Mvua zinakuwa zimekatika, barabara zimekauka, na ndege waharibifu bado hawajashukia mtama kwa wingi. Ndege wakishashuka, mama hatoki shambani. Anakaa juu ya kichuguu na kopo lake tangu alfajiri, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo kati ya mvua na ndege kulikuwa na upenyo mdogo, na safari ingepita humo. Mjomba akaandika tarehe. Nami nikaandika. Hakuna aliyeinua mkono.

Nilipiga simu hifadhini mara nyingi kabla haijapokelewa. Aliyepokea alikuwa mhifadhi kijana, mwenye adabu na sauti ya mtu ambaye nyuma yake kuna upepo.

"Karibu sana, dada. Mnategemea kuja lini?"

"Mwishoni mwa mwezi wa nne."

"Samahani, dada, unapiga kutoka wapi?"

"Dodoma."

"Aa," alisema, na nikamsikia anatabasamu. "Ndiyo maana. Huku mwezi wa nne na wa tano ni masika, dada. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi. Gari likiingia, linakaa."

"Linakaa muda gani?"

"Mpaka pakauke."

Nilitazama nje. Mvua yetu ilikuwa imeshaanza kuwa haba, ile ya wasiwasi, inayonyesha mtaa mmoja na kuruka mwingine. Sisi tunao msimu mmoja wa mvua. Ukikatika umekatika, na tunavyojua sisi, umekatika duniani kote. Wajumbe wote wa kamati, na ndugu wote wa kundi, walizaliwa chini ya mbingu hii moja. Tulikuwa tumepanga kuingia kwenye tope la pwani wiki ambayo huku kwetu vumbi linaanza.

Nikamwambia mama. Akauliza, "Kwa hiyo wao wanapata mvua wakati sisi tunaimalizia?"

"Ndiyo."

"Na wanalalamika?"

Safari ikasogezwa hadi baada ya mavuno, mwezi wa sita mwishoni, karibu kabisa na saruji. Mjomba aliandika kwenye kundi kwamba safari imeahirishwa "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa kamati."

Hilo la mvua lingeisha hapo. Lakini katika simu ileile nilikuwa nimeuliza jambo la pili, na hilo ndilo lililonikosesha raha msimu mzima.

"Kaka, tunataka kuzuru kaburi. Inawezekana?"

"La wapi?"

Nikamweleza habari za mashamba ya chumvi. Aliyafahamu yale makaburi. Alisema kuna wazee wa vijiji vya jirani wanaokuja kuzuru makaburi yao, kwa utaratibu, na askari anawasindikiza kwa sababu ya wanyama. Sisi pia tungeweza.

"Na tungependa kuchukua udongo kidogo. Kiganja kimoja."

"Udongo wa nini?"

"Wa kaburi."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Dada, hata kombe tupu la baharini hairuhusiwi kutoka nalo."

"Najua. Nauliza kwa nini."

"Ukichukua wewe, na mwingine akachukua…"

"Wanaokuja kuchukua udongo wa kaburi ni wangapi?"

"Sijawahi kumwona hata mmoja."

"Basi, hifadhi haitakwisha."

Alicheka kidogo, lakini hakuyumba. Alisema sheria haipimi kwa kiganja. Mtu mmoja akiruhusiwa kwa sababu nzuri, kesho atakuja mwingine na sababu nzuri zaidi na lori. Kisha akaniambia, kwa moyo wa kunisaidia, kwamba kipo kibali cha kutoa udongo hifadhini, ila ni cha watafiti. Kinahitaji barua ya chuo, andiko la utafiti, na maelezo ya namna sampuli itakavyotunzwa.

Nilisoma sayansi ya mazingira. Niliwahi kuandika kurasa nyingi kuhusu kwa nini watu wasichukue vitu kwenye maeneo ya hifadhi, na nilipata alama nzuri. Kila alichosema yule kijana nilikuwa nimeshakisema mimi darasani, kwa kujiamini kuliko yeye. Labda ndiyo sababu nilikata simu nikiwa na hasira kiasi kile. Ukibishana na mjinga unaweza kulala vizuri. Mimi nilikuwa nabishana na maneno yangu mwenyewe.

Nikaanza kuandika barua pepe. Niliandika kwa ofisi moja, ikanielekeza kwa nyingine, ambayo ilijibu kwamba ombi langu limepokelewa. Niliuliza limepokelewa na nani. Nikajibiwa kwamba ombi langu limepokelewa. Siku moja nilipanda bodaboda mpaka kwenye ofisi yenyewe, kwa maana bahari yote ya nchi hii sasa inaendeshwa kutoka huku kwetu, ambako hata mto unabeba maji kwa wiki chache tu. Dada wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukalainika, akaniambia pole kwa msiba.

"Alikufa kabla mama hajaanza shule," nilisema.

"Hata hivyo, pole. Acha barua masijala."

Niliiacha. Naamini bado ipo.

Nikafikia hatua ya kuandika andiko la utafiti. Nilikaa na kompyuta nikabuni kichwa cha habari kirefu kuhusu kiwango cha chumvi katika udongo wa makaburi ya kale ya pwani. Kilipendeza mno. Mhadhiri mmoja aliyewahi kunifundisha angetia saini bila kusoma. Mama alipokuja mjini kuuza karanga nilimsomea, nikamfafanulia sampuli ni nini, na jinsi itakavyotiwa kwenye mfuko wenye lebo na namba.

Alikuwa anakula ugali kwa mlenda. Alinawa kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo baba yangu ni sampuli?"

"Ni kwenye karatasi tu, mama."

"Namba ngapi?"

"Mama…"

"Nauliza kama wewe unavyouliza. Nikifika pale kaburini kwa mama yangu, niseme nimekuletea namba ngapi?"

"Wewe unataka udongo au unataka maneno mazuri?" Nilisema kwa sauti ya juu, na hapakuwa na mvua. "Mimi ndiye ninayepiga simu! Mimi ndiye ninayeambiwa pole na watu wasionijua! Mjomba ana mtu wizarani, wewe una majibu, mimi nina nini?"

Mama alifunika bakuli la mlenda kwa sahani. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi.

"Una chuki na watu ambao hawajakukosea," alisema. "Yule kijana anafanya kazi yake. Bibi yako ujanani alikuwa anakwenda Bahi, anakwangua udongo wa chumvi, anauchuja, anachemsha yale maji mpaka chumvi inabaki kwenye chungu. Hakumwomba mtu. Siku hizi udongo una wenyewe. Sawa. Lakini usimwandike baba yangu uongo."

Nililifuta andiko. Nilipomweleza mjomba kwamba njia zote zimegoma na kwamba namhitaji yule mtu wake sasa hivi, alikohoa, akasema yule bwana amehamishiwa mkoani. Nikamuuliza mkoa gani. Akatuma sala ya jioni kwenye kundi.

Mwezi wa tano na wa sita mama alikuwa na mavuno, nami nikamwacha nayo. Niliendelea kupanga sehemu zilizopangika: gari lenye uwezo wa njia mbaya, mahali pa kulala nje ya lango, siku ya kuingia. Mhifadhi aliniandikia ujumbe kuniarifu kwamba njia ya kwenda kwenye mabwawa ya zamani imekauka na askari wa kutusindikiza ameshapangwa. Mwishoni akaongeza: "Kuhusu lile jambo, samahani dada." Nilimjibu asante, na nikajua ninamaanisha, na hilo nalo likaniudhi. Niliona tunakwenda mbali kote huko kutazama mawe. Tungesimama, tungeimba ubeti, tungerudi mikono mitupu, na fundi angemwaga saruji yake.

Jumamosi moja kabla ya safari nilikwenda kijijini kumsaidia mama kufunga mizigo. Mtama ulikuwa umeshapurwa, makapi yamerundikana pembeni ya uwanja, na kuku walikuwa wameshiba hadi wanatembea kwa shida. Mjomba naye alikuwepo, amevaa kofia mpya ya safari yenye kamba ya kidevuni. Mama alikuwa ameinama nyuma ya nyumba, anatembea huku na huko mahali alipomwaga maji, kama mtu anayekanyaga tope la kujengea.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Njoo uone."

Aliinua mguu. Alikuwa amevaa katambuga za bibi, zile sandali za tairi la gari ambazo bibi alishinda nazo shambani miaka yote niliyomfahamu. Soli zake zina mifereji mirefu, kwa vile ni tairi la lori. Kila mfereji ulikuwa umejaa udongo.

"Zangu hazishiki," alisema. "Nimejaribu na raba zako ulizoacha, zinashika kidogo. Hizi zinashika vizuri."

Ilinichukua muda. Mjomba alielewa kabla yangu na akaivua kofia yake.

"Ukitoka pale getini," mama aliniuliza, "wanawakung'uta watu?"

"Hapana."

"Wanakagua nyayo?"

"Sidhani. Mama, hiyo bado ni kuchukua."

"Mimi sichukui kitu. Nitakwenda kwa baba yangu, nitasimama, nitaondoka. Nikirudi nitazivua hizi, nitaziweka pale upande wa kulia. Ni za mama yangu, anaruhusiwa kuletewa viatu vyake. Kuna sheria?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hoja, tena nzuri: kuhusu mbegu zinazosafiri kwenye viatu, kuhusu nia ya mtu na kitendo chake, na kuhusu ingekuwaje kama kila mgeni angefanya hivi. Mjomba alinitazama kwa hofu, kama mtu aliyebeba mayai anayemwona mbwa akija.

"Mwanasheria," alisema taratibu, "kamati inakuomba."

"Ila kuna shida moja," mama aliendelea, akigongagonga katambuga ukutani. Udongo ulitoka kwa vipande vilivyonyooka kama vijiti. "Umesema kule sasa pamekauka. Udongo mkavu haukai humu. Nimejaribu. Unaanguka wote kabla sijafika mlangoni."

Alisimama akanitazama. Hakuniomba. Alingoja tu, mguu mmoja una kiatu na mwingine peku, na nilijua kwamba kama nikigeuka nikaingia ndani hatalisema tena jambo hili, atapanda gari, atatazama mawe, na atarudi kumwangalia fundi akifanya kazi yake.

Nikatoa simu. Mhifadhi alipokea mara moja.

"Dada wa Dodoma! Mmefika?"

"Bado, kaka. Nina swali dogo. Tunaruhusiwa kuingia na maji?"

"Maji? Tena beba mengi. Huku jua ni kali na kule mabwawani hakuna duka. Mna mtu mzima, sivyo?"

"Tunaye."

"Basi beba ya kutosha. Ila chupa msiziache porini, tafadhali. Sheria yetu kubwa ndiyo hiyo: kila mnachoingia nacho, mtoke nacho."

Nilikuwa nimeweka sauti ya nje. Kuku mmoja alipita katikati yetu. Nilisubiri kinywa changu kiulize kwa nini, kama kawaida yake, na hakikuuliza.

"Mwambie tumesikia," mama alisema, akirudisha mguu kwenye katambuga. "Tutatoka navyo vyote."

Kisha akamtuma mjomba ndani akalete chupa nyingine kubwa.